Eti Damu Zao Hazipatani: Kinga ya Mwili na Mimba Zinazoharibika Mara kwa Mara

Kuna maneno mawili ambayo nimeyasikia hosteli, kwenye daladala, msibani na hata wodini: "damu hazipatani." Mimba ya kwanza ikiharibika, watu husema pole. Ya pili ikiharibika, wanaanza kuhesabu. Ya tatu ikienda, hukumu imeshatoka: huyu bwana na huyu bibi damu zao hazipatani, mwili wa mama unaikataa mbegu ya baba. Hukumu hiyo ina gharama. Kuna ndoa zinavunjwa kwa sababu yake, kuna ndugu wa mume wanaanza kutafuta mke mwingine, na kuna pesa zinaliwa na waganga pamoja na wauza dripu wanaojiita wataalamu wa "kurekebisha kinga".

Mimi nasoma udaktari, na mada hii tumefundishwa kwa vipande vipande: kidogo kwenye somo la kinga, kidogo kwenye magonjwa ya wanawake, kidogo kwenye somo la damu. Hapa nataka kuviunganisha vipande hivyo kwa namna ambayo mwenzangu anayesoma uhasibu au sheria ataelewa bila kufungua kamusi. Jambo langu kubwa ni moja. Kinga ya mama kwa kawaida ni fundi anayeujenga ujauzito. Na ule ugonjwa wa kinga uliothibitishwa vizuri zaidi kwamba huharibu mimba mfululizo una jina, una kipimo, una matibabu, na hauhusiani hata kidogo na damu ya baba.

Tuanze na hesabu

Mimba kuharibika ni ujauzito kupotea kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo. Mpaka huo nchi nyingine huuweka wiki ya 20, nyingine 24, nyingine 28. Ni jambo la kawaida kuliko tunavyokiri. Katika kila mimba 100 zilizojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, nyingi zikiwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Nusu au zaidi ya hizo kosa liko kwenye kromosomu za kiinitete chenyewe: yai na mbegu vilipokutana, idadi ya kromosomu haikukaa sawa, na safari ikaishia hapo. Hakuna aliyebeba ndoo nzito akasababisha hilo. Hakuna aliyerukwa na paka.

Sasa, "mara kwa mara" ni mara ngapi? Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinahesabu kuanzia mimba tatu. Vyama vya wataalamu wa uzazi vya Ulaya na Marekani vinaanzia mbili. Wanandoa waliopoteza tatu au zaidi ni takribani 1 katika kila 100.

Hapo kuna hesabu ndogo ambayo naipenda. Tuseme uwezekano wa mimba moja kuharibika ni asilimia 15. Kama ingekuwa ni bahati mbaya tupu, kama kurusha kete, uwezekano wa kupoteza tatu mfululizo ungekuwa 0.15 mara 0.15 mara 0.15, yaani kama wanawake 3 hivi katika kila 1,000. Lakini tunaowaona ni kama 10 katika kila 1,000. Tofauti hiyo inatuambia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, wapo wengi waliopatwa na bahati mbaya tu iliyojirudia. Pili, wapo wengine ambao kuna kitu kinaendelea, na kitu hicho kinastahili kutafutwa. Kinaweza kuwa kromosomu za mmoja wa wazazi zilizobadilishana vipande, umbo la mji wa mimba, tezi ya shingo, kisukari kisichodhibitiwa. Au kinaweza kuwa kinga.

Kitendawili cha Medawar

Kwa nini watu walianza kuishuku kinga? Fikiria figo. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini. Mgonjwa anayepewa figo, hata kama ametoa ndugu yake wa damu, hulazimika kumeza dawa za kutuliza kinga kila siku, kwa sababu mwili unaitambua figo ile kuwa ni mgeni na uko tayari kuipiga. Akiacha dawa, figo inakataliwa.

Mtoto tumboni nusu ya jeni zake ni za baba. Kwa hesabu ya figo, naye ni mgeni. Sasa mbona mama anambeba miezi tisa bila kidonge hata kimoja cha kutuliza kinga? Swali hilo aliliweka mezani mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, mwaka 1953. Alitoa majibu matatu ya kukisia: labda damu ya mama na ya mtoto zimetenganishwa na ukuta, labda mtoto ni mchanga mno kiasi kwamba alama zake za ugeni hazijajitokeza, labda kinga ya mama inalala wakati wa ujauzito. Mwaka 1960 Medawar alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet kwa kazi ya jinsi mwili unavyojifunza kuvumilia vya kigeni.

Majibu yake ya ujauzito hayakusimama kama alivyoyaweka. Ukuta upo, lakini una vinyweleo: seli za mtoto hupenya na kuingia kwenye damu ya mama, na watafiti wa Marekani mwaka 1996 walizikuta seli za mtoto wa kiume kwenye damu ya mama miaka 27 baada ya kuzaa. Alama za ugeni za mtoto zipo tangu mapema. Na kinga ya mama hailali. Mjamzito akichanjwa pepopunda kliniki, mwili wake unatengeneza kingamwili kama kawaida, na nyingine anampitishia mtoto.

Ila swali lake limebaki hai, na ndilo lililozaa somo zima. Niongeze jambo moja ambalo linaivunja ile hoja ya kutopatana kwa pigo moja. Siku hizi kuna wanawake wanaobeba mimba kwa yai la mwanamke mwingine. Mtoto huyo hana jeni hata moja aliyorithi kwa anayembeba. Ni mgeni asilimia 100. Na bado mimba nyingi za namna hiyo hufika salama. Kama ugeni peke yake ungetosha kuharibu mimba, hao wasingezaa kabisa.

Mafundi walioko kwenye mji wa mimba

Kinachogusana na mwili wa mama si mtoto mwenyewe. Ni tabaka la seli za nje za kiinitete linaloitwa trofoblasti, ambalo baadaye ndilo linalojenga kondo la nyuma. Seli karibu zote za mwili wetu hubeba juu yake vitambulisho vinavyoitwa HLA, na ni vitambulisho hivi hivi ambavyo huifanya figo ya mtu mwingine itambuliwe na kukataliwa. Trofoblasti inayochimba kwenye mji wa mimba imeacha kuonyesha vitambulisho viwili vinavyoleta ugomvi mkubwa, HLA-A na HLA-B. Badala yake inaonyesha HLA-C, HLA-E na HLA-G, na huyu wa mwisho haonekani kwa wingi kwingine mwilini. Ni kama mtu anayeingia kijiji cha ugenini amevaa nguo ambayo wenyeji wanajua maana yake: nimekuja kwa heri.

Upande wa mama nao umejiandaa. Katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, kama 70 katika kila seli nyeupe 100 zilizoko kwenye utando wa mji wa mimba ni za aina moja: seli za NK, ambazo jina lao tafsiri yake ni "wauaji wa asili". Jina hili limewaponza. Seli za NK za kwenye damu kweli kazi yake ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi au saratani. Za kwenye mji wa mimba ni ndugu zao tu. Tabia ni nyingine. Hizi hutoa protini za ujumbe zinazosaidia trofoblasti kuzama na kuipanua mishipa midogo ya damu ya mama, ile iliyojisokota kama skrubu, iwe mipana ya kupitisha damu nyingi. Mishipa isipopanuka vizuri, kondo linabaki na kiu.

Hapa Afrika Mashariki tumechangia katika elimu hii. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na wenzake wa Cambridge, alichunguza jeni za wanawake wa Uganda, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba kundi fulani la jeni linaloziamsha seli za NK, ambalo lipo kwa Waafrika na halipo kwa Wazungu, huwakinga wajawazito dhidi ya presha inayotangulia kifafa cha mimba. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Seli za kinga zikiamshwa vizuri, mama analindwa. Zikiwa zimefungwa breki mno, trofoblasti haizami vya kutosha na shida zinaanza. Wengi wetu tungedhani kinyume.

Mafundi wa pili ni seli za udhibiti, kwa jina la maabara Treg. Hizi kazi yake ni kuwatuliza wenzake wasivuke mpaka. Mjapani Shimon Sakaguchi na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025 kwa kuzigundua na kueleza zinavyofanya kazi. Mwaka 2004, watafiti waliwaondolea panya wa maabara seli hizi. Panya waliopandwa na madume wa ukoo tofauti walipoteza mimba zao. Waliopandwa na madume wa ukoo wao uleule walizaa. Kwa hiyo amani ya tumboni si ajali. Inatunzwa kwa kazi.

Je, damu zinaweza kutopatana kweli?

Swali hili huwa halikosi nikiongea na wenzangu, kwa hiyo nilijibu waziwazi.

Makundi ya A, B, AB na O: mume kuwa A na mke kuwa O hakuharibu mimba mfululizo. Kinachoweza kutokea ni mtoto kuzaliwa na manjano ya siku za mwanzo, ambayo kwa kawaida hutibika.

Rhesus: hapa ndipo neno "kutopatana" lina chembe ya ukweli, na nadhani ndiko lilikotokea. Mama akiwa Rhesus hasi na mtoto akawa chanya kwa kurithi kwa baba, damu ya mtoto ikichanganyika na ya mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika. Wanaofuata, wakiwa chanya, chembe nyekundu zao zinaweza kushambuliwa, wakaishiwa damu, wakavimba, hata wakafia tumboni. Lakini angalia muda: hii hutokea ujauzito ukiwa umekua. Si maelezo ya mimba zinazoharibika wiki ya 7, ya 8, ya 9. Tena kinga yake ipo tangu mwaka 1968: sindano ya anti-D, ambayo mama hupewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, na pia baada ya matukio kama mimba kuharibika ikiwa imekua. Mwanamke yeyote anayesoma hapa na hajui kundi lake la damu pamoja na Rhesus, hiyo ni kazi ya wiki hii. Kipimo ni tone la damu.

Pale kinga inapokosea kweli

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa kirefu unaitwa sindromu ya kingamwili dhidi ya fosfolipidi. Madaktari husema APS. Historia yake inapita mahali ambapo huwezi kutegemea: kipimo cha kaswende.

Kipimo cha damu cha kaswende kilianza mwaka 1906 kwa kazi ya August von Wassermann na wenzake. Baadaye ikajulikana kwamba kinachofanya kazi ndani yake ni mafuta yanayopatikana kwa wingi kwenye moyo wa ng'ombe, yakaitwa kadiolipini. VDRL, kipimo ambacho wengi wetu tumekisikia kliniki, ni mjukuu wa kipimo hicho: kinatafuta kingamwili dhidi ya kadiolipini, hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Baada ya muda madaktari wakagundua kuna watu wanaopata jibu chanya ilhali kaswende hawana, hasa wanawake wenye ugonjwa wa lupasi. Na baadhi yao walikuwa na damu inayoganda ovyo pamoja na mimba zinazoharibika. Mwaka 1983, Graham Hughes na wenzake jijini London wakaunganisha vitu hivi vitatu kuwa ugonjwa mmoja.

Kinachotokea ni hiki. Mwili wa mama unatengeneza kingamwili dhidi ya protini zake mwenyewe, zile zinazong'ang'ania mafuta ya kwenye kuta za seli. Trofoblasti ina mafuta hayo kwa wingi nje yake, kwa hiyo kingamwili zinakwenda kutua pale. Zikitua, trofoblasti inashindwa kuchimba vizuri, uvimbe wa kinga unawashwa, na baadaye damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya kondo. Zamani ilidhaniwa ni damu kuganda tu. Siku hizi tunajua katika wiki za mwanzo tatizo ni zaidi ya hapo. Kondo linadhuriwa wakati linajengwa.

Rudia jambo lililo muhimu: kingamwili hizi zinalenga protini za mama mwenyewe. Angeolewa na nani, zingekuwepo. Kumbadilisha mume hakuzitibu, na kumbadilisha mke ni kumwacha mgonjwa mwenye ugonjwa unaotibika.

Kwa vigezo vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 2006, daktari humshuku mwanamke aliyepoteza mimba tatu mfululizo au zaidi kabla ya wiki ya 10, au aliyepoteza hata mimba moja ya wiki 10 na kuendelea ambayo mtoto alionekana hana kasoro, au aliyelazimika kuzaa kabla ya wiki ya 34 kwa presha kali ya ujauzito au kondo lililoshindwa kazi. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kupata kiharusi akiwa kijana naye anaingia. Vipimo vya maabara ni vitatu: kizuia-ugandaji cha lupasi, kingamwili dhidi ya kadiolipini, na kingamwili dhidi ya beta-2 glaikoprotini ya kwanza. Na lazima virudiwe baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kingamwili hizi kwa muda kisha zikashuka zenyewe. Jibu chanya la mara moja halimpi mtu ugonjwa.

Tiba ni aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini kila siku katika ujauzito. Heparini huchaguliwa kwa sababu haivuki kondo kumfikia mtoto. Warfarini huvuka na inaweza kumlemaza. Mwaka 1997 madaktari wa London waliwagawa wanawake 90 wenye APS mafungu mawili. Waliopewa aspirini peke yake, asilimia 42 walipata mtoto hai. Waliopewa aspirini na heparini, asilimia 71. Tafiti zilizofuata hazikutoa zote tofauti kubwa namna hiyo, lakini zikijumlishwa bado mizani inaelekea upande wa heparini, na miongozo ya kimataifa inaipendekeza.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbele. Nisije nikanukuliwa kwamba VDRL chanya ni APS. Huku kwetu kaswende ipo, na yenyewe huua watoto tumboni. Jibu likiwa chanya, fanya kipimo cha pili kinachotafuta kingamwili za mdudu mwenyewe, na ukiambiwa utibiwe, tibiwa wewe na mwenzi wako. Ila vipimo vikigongana, cha VDRL kikasema ndiyo na cha pili kikasema hapana, na dada huyo ana historia ya kupoteza mimba, hapo usikimbilie kumwita mhuni. Mwulize daktari kuhusu APS.

Tiba zilizoahidi zikaanguka

Kama kinga inahusika, mbona tusiitulize tu? Wengi walijaribu, na historia yao ni somo kwa yeyote anayesomea kazi ya kutibu watu.

Miaka ya 1980 ilidhaniwa mama anapoteza mimba kwa kuwa mwili wake "haujamzoea" baba. Basi ikabuniwa tiba ya kumdunga mke chembe nyeupe za damu ya mumewe. Jaribio la London la mwaka 1985 lilitoa matokeo ya kusisimua: asilimia 77 walifanikiwa, dhidi ya 37 ya waliodungwa chembe zao wenyewe. Kliniki duniani zikaichangamkia. Kisha mwaka 1999 jaribio kubwa zaidi la Marekani na Kanada likaja na jibu jingine: waliodungwa chembe za mume walifanikiwa asilimia 36, wasiodungwa asilimia 48. Tiba haikusaidia, na huenda ilidhuru. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikazuia isitolewe nje ya utafiti uliosajiliwa. Wazo la kutopatana lilipewa nafasi yake kwenye mizani, na mizani ikalikataa.

Zikaja steroidi, dripu za kingamwili za wachangia damu, dripu za mafuta ya soya, na kipimo cha kuhesabu seli za NK kwenye damu ya mkononi. Kuhusu hicho kipimo, msomaji wangu sasa unaweza kukikosoa mwenyewe: seli za NK za kwenye mkono si zile za kwenye mji wa mimba. Ni sawa na kwenda kuhesabu madereva wa bodaboda ili kujua mafundi ujenzi ni wangapi. Miongozo ya Ulaya haivipendekezi vitu hivi kama matibabu ya kawaida. Hata aspirini na heparini, ambazo ni msaada kwa mwenye APS, zilipojaribiwa Uholanzi kwa wanawake ambao sababu haikupatikana, matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha hazikuzidi kidonge kisicho na dawa. Dawa ile ile, mgonjwa tofauti, jibu tofauti. Ndiyo maana kupima kunatangulia kudunga.

Basi tufanye nini?

Kama wewe, dada yako, au mke wa rafiki yako amepoteza mimba mbili au zaidi, haya ndiyo ningemwambia.

Andika. Tarehe ya kila mimba, ilifika wiki ya ngapi, utrasaundi ilionyesha mapigo ya moyo au la, ulitibiwa nini. Huku kwetu mtu anaweza kupotezea mimba tatu katika vituo vitatu, kila kimoja kikaiona kama ya kwanza. Karatasi moja yenye historia nzima inaweza kumfanya daktari aone kile ambacho hakuna aliyekiona.

Nendeni wawili. Baadhi ya sababu ziko kwa mwanaume, kromosomu zikiwa mojawapo, na hata pale ambapo hazipo, mwanaume aliyesikia maelezo kwa masikio yake ni vigumu kudanganywa na maneno ya ukumbini.

Uliza vipimo kwa majina. Vya APS havipatikani kila zahanati. Hufanyika kwenye maabara kubwa, na huenda bima isivibebe vyote. Ukiulizia kwa jina, angalau utaelekezwa. Visiachwe vya kawaida: sukari, tezi ya shingo, kaswende, malaria, utrasaundi ya mji wa mimba.

Usijitibu. Aspirini ya duka la dawa na sindano za kununua kwa siri si mchezo. Na ukiona damu mapema katika ujauzito, wahi hospitali. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa waliowahi kupoteza mimba tatu au zaidi na sasa wanatokwa damu, homoni ya projesteroni iliongeza waliozaa watoto hai kutoka asilimia 57 hadi 72. Ila daktari ndiye aamue.

Na kama umepimwa kila kitu na hakuna kilichoonekana, usilichukue hilo kama hukumu. Hali hiyo ndiyo ya wengi. Huko Liverpool, matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba wanawake wa namna hiyo, waliofuatiliwa kwa karibu na kupewa moyo tu, kama 75 katika kila 100 walizaa katika ujauzito uliofuata. Ukienda na namba hiyo nyumbani, umebeba kitu chenye uzito kuliko dripu.

Kwa sisi tunaosikiliza tu pembeni, kazi yetu ni ndogo ila ina maana. Siku mtu atakapolitaja lile neno mbele yako, kwamba damu zao hazipatani, muulize taratibu: wamepimwa nini? Mara nyingi jibu litakuwa hakuna. Basi hapo ndipo pa kuanzia.